Nasaba ya Mke wa Shamba: Damu ya Kidachi katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Wazee wa pwani ya kusini, tangu Kilwa hata Lindi na Mikindani, waliwaita Wajerumani kwa jina la Wadachi. Dola ya Wadachi haikudumu sana huko. Mwaka 1888 watu wawili wa Kampuni ya Kijerumani waliuawa katika mji wa Kilwa Kivinje, vita vya pwani vikaenea. Na mwezi wa Septemba 1916 majeshi ya Waingereza yaliitwaa Kilwa, kisha Lindi. Hata hivyo dola hiyo iliacha mambo ambayo hayakuondoka nayo. Iliacha maneno kama shule na hela, ambayo kila mtu huyatamka bila ya kuuliza yametoka wapi. Iliacha na watu. Na mtu, tofauti na neno, huulizwa asili yake.

Katika makala haya twataka kutazama swali moja: ni kwa njia gani mtafutaji aweza kuifuata nasaba ya mke wa shamba wa nchi za kusini mwenye asili ya Kijerumani? Wake hao ni wa namna mbili. Yupo mke wa Mzungu mwenye shamba, aliyekuja kwa meli kutoka Ulaya. Na yupo mwanamke aliyezaliwa nchini, mama yake ni mwenyeji na baba yake au babu yake ni Mdachi, akaolewa na mkulima wa huku. Neno tunalotaka kulithibitisha ni kwamba kizuizi cha kwanza kwa wote wawili si upungufu wa karatasi, bali ni desturi za kuita majina.

Na tuanze na yule wa kwanza. Katika wilaya za Lindi na Kilwa Wadachi walilima pamba, mpira na mkonge. Mkonge wenyewe ulikuwa mgeni: uliletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf, na katika miche 1,000 aliyoagiza iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Mke aliyekuja kukaa katika mashamba hayo ameandikwa katika hati kwa jina la ukoo wa mumewe, kwa maana sheria ya kwao ilimvua jina la baba siku ya ndoa. Atakayemtafuta kwa jina hilo atafika kwa wazazi wa mume, wala hatafika kwa wazazi wa mke. Hana budi kulitafuta neno la Kijerumani geborene, yaani "aliyezaliwa", ambalo hufuatwa na jina la ubini. Akilipata, mlango umefunguka. Tangu mwaka 1876 dola yote ya Ujerumani iliandikisha vizazi, ndoa na vifo katika madaftari ya serikali. Na habari za kabla ya hapo zimo katika vitabu vya makanisa.

Mswahili hakuwa na haja ya neno kama hilo. Mwanamke wa pwani huitwa Fulani binti Fulani, naye hubaki hivyo akiolewa, akiachwa au akifiwa na mume. Mfano ulio wazi ni wa Salme binti Said, mtoto wa Sayyid Said bin Sultan wa Unguja. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa ni nasaba tosha. Alipoolewa na Mjerumani Heinrich Ruete huko Aden mwaka 1867 akawa Emily Ruete, na katika jina hilo jipya baba yake haonekani tena. Bibi huyo mmoja atuonyesha desturi mbili zikikutana, na ni ipi iliyopoteza habari.

Ama yule wa pili, taabu yake ni kubwa zaidi. Mwaka 1906 serikali ya koloni ilikataza ndoa baina ya Wazungu na wenyeji. Hata kabla ya hapo haikuzipenda. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye wataalamu wa lugha wamjua kwa kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichopigwa chapa mwaka 1903, alimwoa mwanamke wa Kijerumani, Bertha Hilske, mjini Berlin mwaka 1904. Mwaka uliofuata walisafiri kuja Dar es Salaam, wakakataliwa kukaa nchini kama mume na mke, ikawabidi kurudi Ulaya. Ikiwa mwanachuoni aliyefunga ndoa halali alitendewa hivyo, msomaji aweza kupima hali ya msichana wa Kimwera aliyezaa na bwana shamba. Ndoa haikuwezekana kuandikwa; na pasipo ndoa, mtoto hakuwa na baba katika daftari.

Lakini mtoto asiye na baba katika daftari hakuwa mtoto asiye na watu wake. Wamwera, Wamakonde, Wamakua na Wayao, kwa mila zao za asili, huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Mtoto wa Mdachi kwa mama wa Kimwera alikuwa Mmwera kamili, hakupungukiwa na ukoo hata kidogo. Na katika miji ya pwani, sheria ya Kiislamu humnasibisha kwa mama yake mtoto asiyezaliwa katika ndoa. Kwa hiyo mtafutaji anayeanza kwa kumwuliza mjukuu, "Baba wa mama yako alikuwa nani?" ameanza mahali penye giza. Afadhali aanze kwa bibi: alikuwa wa ukoo gani, alitoka kijiji gani, alifanya kazi katika shamba gani. Jina la shamba ndilo daraja kati ya kumbukumbu ya wazee na hati za ardhi zilizohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa mjini Dar es Salaam, na zile za wizara ya makoloni zilizoko Berlin.

Katika kazi hiyo yafaa kujihadhari na mambo matatu. La kwanza ni lakabu. Mzungu mara nyingi alijulikana kwa jina alilopewa na wenyeji, kama Tom von Prince alivyoitwa Bwana Sakarani. Kwa hiyo lakabu haitoshi mpaka ilinganishwe na mahali na wakati. La pili ni neno lenyewe Mdachi. Mtu aweza kuitwa hivyo kwa sababu ya damu, au kwa kuwa alikuwa askari wao, au kwa ukali wa tabia. Si kila "mtoto wa Mdachi" aliyezaliwa na Mjerumani. La tatu ni tarehe. Wazee huhesabu kwa mambo makubwa: Vita vya Maji Maji, vilivyoanza milima ya Matumbi mwezi wa Julai 1905, ambapo misheni za Nyangao na Lukuledi zilishambuliwa, kuja kwa Waingereza 1916, kurudi kwa Wajerumani waliporuhusiwa tena mwaka 1925, na kukamatwa kwao mwezi wa Septemba 1939. Mama aliyezaliwa "Wadachi waliporudi" si wa kizazi cha yule aliyezaliwa "kabla ya Maji Maji", na baba zao wametafautiana kwa hati na kwa sheria.

Huenda mtu akasema kwamba kufuata nasaba kwa upande wa mwanamke ni jambo geni. Pwani hii yashuhudia kinyume. Katika habari za Kilwa alizozikusanya Carl Velten na kuzipiga chapa Berlin mwaka 1907, yumo Mshirazi Ali bin Selimani, aliyekuja kisiwani akamkuta jumbe Mrimba, akamtolea nguo nyingi, akamwoa binti yake. Mwana wa ndoa hiyo alitawala, na haki yake juu ya nchi aliipata kwa mama yake, kwa maana alikuwa mjukuu wa Mrimba. Waliosimulia hawakuona haya kusema hivyo. Waliona kwamba pasipo mama huyo mgeni angebaki mgeni. Ndivyo ilivyo kwa kizazi cha mashamba ya Lindi. Damu ya Kidachi yaweza kuthibitishwa au isithibitishwe, lakini kilichowafanya kuwa watu wa kusini ni bibi zao, na majina ya bibi hao bado yamo vinywani mwa wajukuu. Hayo ndiyo ya kuandikwa kwanza, kwa kuwa daftari la Berlin laweza kungoja. Mzee wa Nyangao hawezi.