HISTORIA YA VITU VINAVYOTULINDA, SEHEMU YA 6: Pikipiki saba, kichwa kimoja

Wiki iliyopita tulimaliza habari ya chanjo ya ndui. Leo ni zamu ya helmeti, na historia yake inapitia kwa mwanaume mmoja aliyependa pikipiki kupita kiasi.

Jina lake T. E. Lawrence, alizaliwa Wales mwaka 1888. Wengi wanamjua kama Lawrence wa Arabia, kwa sababu kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia alikuwa mwanajeshi wa Uingereza aliyepigana pamoja na Waarabu walioasi utawala wa Waturuki. Alirudi kwao akiwa maarufu sana, na umaarufu ukamchosha. Akabadili jina, akajiunga na Jeshi la Anga kama askari wa kawaida kabisa. Raha yake kubwa ikawa barabara na pikipiki.

Na hakuendesha pikipiki ya hivi hivi. Alikuwa anapanda Brough Superior, zilizotengenezwa Nottingham na bwana mmoja anaitwa George Brough. Zilikuwa ghali mno, watu wakazifananisha na magari ya Rolls-Royce. Kuanzia 1922 Lawrence alimiliki saba, moja baada ya nyingine, na ya nane alikuwa ameshaiagiza. Alizipa majina kama watu wanavyowaita wafalme: George wa Kwanza, George wa Pili, mpaka George wa Saba. Jina lingine alilolitumia ni Boanerge, yaani Wana wa Ngurumo, lile la kwenye Injili ya Marko. Kwenye kitabu chake The Mint kuna sura nzima ya safari ya pikipiki, anavyoshindana na ndege iliyo juu yake. Ya saba ilikuwa aina ya SS100, ambayo mtengenezaji alihakikisha inaweza kufika maili 100 kwa saa, kama kilomita 160.

Sasa tazama. Kila pikipiki ilikuwa nzuri kuliko iliyotangulia. Injini nzuri zaidi, mwendo mkali zaidi. Kichwa kilichokaa juu yake kilibaki kile kile, na hakikuwa na kitu. Siyo kwamba helmeti hazikuwepo. Zilikuwepo, ila zilionekana ni za watu wa mashindano. Mtu anayeenda zake dukani avae ya nini?

Tarehe 13 Mei 1935 Lawrence alikuwa ametoka jeshini miezi michache tu. Alienda posta ya Bovington, kusini mwa Uingereza, kutuma telegramu. Kutoka nyumbani kwake ni umbali usiozidi kilomita 3. Wakati anarudi, barabara ina bonde, akakutana ghafla na vijana wawili wa baiskeli. Akakwepa, pikipiki ikamshinda, akarushwa mbele kupita usukani. Vijana walipona. Yeye alilala siku sita bila fahamu, akafariki tarehe 19 Mei akiwa na miaka 46.

Kati ya madaktari walioitwa kitandani kwake alikuwepo kijana wa Kiaustralia, Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Hakuweza kumwokoa. Lakini kile kifo hakikumtoka moyoni. Vita ya Pili ilipoanza, matarishi wa jeshi walikuwa wanapeleka ujumbe kwa pikipiki usiku, taa zimefifishwa kwa kuogopa ndege za adui, na walikuwa wanakufa barabarani kila wiki. Cairns akaanza kuhesabu. Mwaka 1941 akaandika kwenye jarida la British Medical Journal kwamba ndani ya miezi 21 ya mwanzo wa vita, waendesha pikipiki na abiria wao 2,279 walikufa kwenye barabara za Uingereza, na wengi waliumia kichwa. Waliovaa helmeti aliowaona wakiwa na majeraha ya kichwa walikuwa saba tu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekufa.

Mwezi Novemba mwaka huo huo jeshi likaamuru waendeshaji wake wote wavae, na vifo vikaanza kushuka. Kwa raia ilichukua muda: sheria ya Uingereza ilikuja 1973. Cairns alikuwa ameshafariki tangu 1952.

Kwa nini inafanya kazi? Ubongo ni laini na umezungukwa na maji ndani ya fuvu. Kichwa kikigonga lami kinasimama papo hapo, ubongo unaendelea kwenda na kujigonga kwenye mfupa. Lile povu gumu ndani ya helmeti linabonyea, linaupa ubongo nafasi ya kusimama taratibu. Ndiyo maana helmeti iliyowahi kupata ajali haifai tena, hata kama nje inang'aa, povu limeshatumika. Tafiti nyingi zikijumlishwa zinaonyesha helmeti inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia kama 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Sasa turudi nyumbani kwetu. Familia nyingi changa zinaanza na pikipiki ya mkopo, ikilipika inabadilishwa, inaletwa mpya. Baba ana helmeti. Mama aliyekaa nyuma hana. Mtoto aliyebanwa katikati, mshikaki, hana. Kila safari ni "hapo karibu tu", na posta ya Lawrence nayo ilikuwa hapo karibu tu.

Kwa hiyo, mkipiga hesabu ya pikipiki, wekeni humo humo bei ya helmeti ya kila atakayepanda. Ya mtoto iwe saizi yake: ikae vidole viwili juu ya nyusi, mkanda ufungwe, akitikisa kichwa isicheze. Mtoto mchanga shingo yake haiwezi kubeba helmeti, kwa hiyo pikipiki siyo chombo chake. Tafuteni bajaji, daladala au gari. Na mtoto akigonga kichwa halafu akatapika mara kwa mara, akalala usingizi mzito usio wa kawaida, akapata degedege, au akatokwa na maji masikioni au puani, msisubiri asubuhi. Hospitali saa hiyo hiyo.

Niandikieni hapo chini: nyumbani kwenu pikipiki ni ngapi, na helmeti ni ngapi?

Sehemu ya 7 tutaongelea chandarua. Usiku mwema.