Nyumba Iliyovunjwa Ikajengwa Tena

Somo letu la leo ni la historia. Tutajifunza habari za majirani wa London, huko Uingereza, ambao nyumba kongwe ya mtaa wao ilivunjwa bila ruhusa, na jinsi walivyoirudisha.

Nyumba hiyo ilikuwa baa, jina lake Carlton Tavern. Pengine mtu atauliza, "Baa nayo ina historia gani?" Sikilizeni. Baa ya kwanza mahali pale ilipigwa bomu na Wajerumani mwaka 1918, katika Vita Kuu ya Kwanza. Nyingine ikajengwa mwaka 1920 na 1921. London ilipopigwa mabomu tena katika Vita Kuu ya Pili, nyumba hiyo ilipona. Watu wa mtaa walikutana humo kwa miaka zaidi ya 90.

Kisha kampuni iliyoimiliki ikataka kuivunja na kujenga jumba jipya lenye fleti 10. Mwezi wa Januari 2015 baraza la mji wa Westminster lilikataa. Majirani walikuwa na shaka, wala hawakukaa kimya. Waliiomba idara inayotunza majengo ya kale iangalie kama nyumba hiyo yafaa kuingizwa katika orodha ya majengo yanayolindwa. Jengo lililomo katika orodha hiyo halivunjwi bila ruhusa ya pekee. Wataalamu wakaja, wakapiga picha, wakaandika habari za nyumba, na wakachukua alama za vigae kwa plasta.

Jumatatu ya Pasaka mwaka ule wafanyakazi wa baa waliambiwa wasije kazini, kwa kuwa mali itahesabiwa. Siku mbili baadaye, tarehe 8 Aprili, nyumba ilibomolewa. Idara ilikuwa karibu kutoa shauri lake.

Hapo watu wengi wangekata tamaa. Tajiri akitozwa faini, huilipa akaendelea kujenga atakavyo, maana faida ya kiwanja ni kubwa kuliko faini. Majirani walidai jambo jingine: nyumba irudishwe kama ilivyokuwa. Maelfu ya watu waliwaunga mkono. Baraza la mji likatoa amri ya kuijenga upya. Kampuni ikakata rufani. Mkaguzi wa serikali akasikiliza pande zote mbili, na mwaka 2016 rufani ikashindwa.

Sasa fikirini. Nyumba imekuwa kifusi. Fundi atajuaje dirisha lilikuwa wapi, na kigae kilikuwa na umbo gani? Jibu lilikuwa katika zile karatasi, zile picha na ile plasta. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Majirani hawa hawakuwa wenye nyumba, lakini kwa ombi lao daftari lilikuwapo. Bila daftari hilo, amri ya kuijenga kama zamani ingekuwa vigumu kutimizwa.

Mwezi wa Aprili 2021, baada ya miaka 6, milango ilifunguliwa tena. Si kila kitu kilichorudi. Baadhi tu ya matofali ni yale ya zamani yaliyookolewa katika kifusi. Lakini nyumba imesimama pale pale, kwa sura ile ile.

Huku kwetu, Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na mji wa Lamu mwaka 2001. Miji hiyo nayo ina sheria za kuilinda. Lakini afisa hawezi kukaa katika kila kichochoro. Jirani ndiye anayeona mchanga na saruji vikishushwa mlangoni.

Baada ya redio kuzimwa, zungumzeni maswali haya:

1. Kwa nini faini peke yake isingetosha?

2. Majirani walipeleka ombi lao kabla ya nyumba kuvunjwa. Je, wangengoja mpaka baadaye, ingekuwaje?

3. Chagueni nyumba moja ya zamani katika mtaa au kijiji chenu. Waulizeni wazee nani aliijenga, lini, na kwa vifaa gani. Kisha kila mmoja aandike sentensi 5 katika daftari lake, atie na tarehe.

Kwa herini, ndugu wasikilizaji, mpaka somo lijalo.