Wapiga Mbizi Weusi wa Marekani na Meli za Watumwa

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, watoto wengi Weusi wa mijini Marekani hawakuwa na mahali pa kujifunzia kuogelea. Mabwawa ya umma yalitengwa kwa rangi, kusini kwa sheria, kwingineko kwa mazoea na vitisho. Jijini Washington, Juni 1949, vijana Weusi walikwenda kuogelea katika bwawa la Anacostia, ambalo serikali ilikwisha kusema ni la wote. Zikazuka ghasia, bwawa likafungwa. Mzazi asiyejua kuogelea humkanya mwanawe asisogelee maji, na mwana akizaa hukanya vivyo hivyo. Kwa njia hiyo kizuizi cha mlangoni kikageuka woga wa nyumbani, kisha watu wakadai kwamba Weusi wameumbwa wasiogelee.

Katika jiji hilohilo, mwaka 1959, Albert José Jones alianzisha klabu ya Underwater Adventure Seekers. Jones alijifunza kupiga mbizi jeshini, na baadaye akawa mtaalamu wa viumbe wa baharini na mhadhiri wa chuo kikuu. Mafunzo ya kazi hii huanzia bwawani: kuelea, kupumua kwa mtungi wa hewa, kutoa maji yaliyoingia kwenye miwani bila kupanda juu, na kutomwacha mwenzako, kwani mpiga mbizi hashuki peke yake. Waliofuzu waliwafundisha waliofuata. Klabu za namna hiyo zikaota katika miji mingine, na mwaka 1991 Jones na Ric Powell wakaziunganisha katika chama cha taifa, National Association of Black Scuba Divers. Mengi yaliyofanywa ni starehe tupu, safari za matumbawe na karamu za jioni, na hakuna ubaya: watu waliozoea kuwa Weusi pekee ndani ya boti walipata wenzao.

Meli ya Henrietta Marie ndiyo iliyoipa starehe hiyo kazi nyingine. Meli hiyo ya Kiingereza ilizama mwaka 1700 karibu na Florida, ikirejea kutoka Jamaika ilikokwisha kuuza watu. Mabaki yake yaligunduliwa mwaka 1972 na wasaka hazina waliokuwa wakitafuta meli nyingine, na miaka ya 1980 kengele yake, iliyochongwa jina na mwaka 1699, ikaitambulisha. Ndani ya meli zilitoka jozi zaidi ya 80 za pingu, nyingine ndogo kiasi cha kumtosha mtoto. Mwaka 1993 wanachama walishusha mnara wa zege wenye bamba la shaba na kuusimika sakafuni mwa bahari, bamba likielekea Afrika.

Kutoka kuomboleza wakaingia kupima. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Ken Stewart, mpiga mbizi kutoka Tennessee, alikutana na Brenda Lanzendorf, mwanaakiolojia wa hifadhi ya Biscayne, Florida, aliyekuwa na mabaki mengi ya meli na mikono michache ya kuyachunguza. Wakaanzisha kundi la Diving With a Purpose. Walimu, mafundi na wastaafu walifundishwa kutandaza utepe wa kupimia kama mstari wa msingi chini ya maji, kupima kila kitu kutoka kwenye mstari huo, na kukichora kwa penseli kwenye karatasi ya plastiki huku mkondo ukiwasukuma. Hakuna kinachookotwa. Moja ya meli walizosaka ni Guerrero, iliyovunjika mwaka 1827 ikiwa na mateka 561, ambao 41 kati yao walikufa maji.

Kazi hiyo iliwafikisha hadi kusini mwa Afrika. Desemba 1794 meli ya Kireno São José iliyotoka Kisiwa cha Msumbiji ikielekea Brazili ilipasuka kwenye miamba ya Cape Town. Mateka zaidi ya 200 walikufa. Walionusurika waliuzwa hukohuko. Meli hiyo ilitambuliwa, pamoja na nyaraka, kwa farumi yake, vipande vya chuma vilivyopakiwa kwa kuwa miili ya watu ni shehena nyepesi isiyotosha kuituliza meli. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015 na mradi wa Slave Wrecks Project, ambao Diving With a Purpose ni mshirika wake, na udongo wa Msumbiji ukamwagwa mahali ilipozama. Katika Kisiwa cha Msumbiji chenyewe, vijana wamefundishwa kupiga mbizi na kulinda mabaki ya pwani yao.

Wapiga mbizi haohao walishiriki kuitafuta Clotilda, iliyoingiza mateka 110 Alabama mwaka 1860, wakati uingizaji wa watumwa ulikuwa umekwisha kupigwa marufuku. Mabaki yake yalithibitishwa Mei 2019. Wazao wa mateka hao bado wanaishi Africatown, karibu na mto ilimozamishwa, na baadhi yao wameanza kujifunza kupiga mbizi.