Masinde, Mathari na mantiki ya serikali

Mwaka 1945 serikali ya kikoloni ilimtangaza Elijah Masinde wa Kimilili, Bungoma, kuwa mwendawazimu, ikamfungia katika hospitali ya Mathari, Nairobi. Akaachiliwa 1947. Mwaka uliofuata serikali ile ile ikamkamata na kumpeleka Lamu uhamishoni, eti ni hatari kwa usalama. Mahubiri yake yalikuwa yale yale: Wazungu waondoke, watu wamrudie Wele na mizimu ya wahenga wao. Sasa huyu mzee alikuwa mgonjwa au adui?

Nilipenda mantiki chuoni kwa sababu inajua kumnasa anayejipinga, na hapa inainasa serikali vizuri. Mwendawazimu hajui atendalo, adui anajua. Unaweza kusema labda alipona. Sawa, alipona nini, ikiwa maneno hayakubadilika? Lakini mantiki ikishafika hapo, inanyamaza. Haiwezi kukuambia kauli ipi kati ya hizo mbili ni ya kweli, sembuse kilichokuwa kikipita akilini mwa Masinde.

Tuipange hoja ya wakubwa wale. Anayekataa mambo yaliyo wazi ana kichaa. Masinde anakataa mambo yaliyo wazi. Basi ana kichaa. Kwa umbo, hata Aristotle angeipitisha. Shida iko kwenye "wazi". Wazi kwa nani? Kitale ulikuwa mji wa walowezi, na Wabukusu wengi waliishi kama maskwota kwenye mashamba ya Trans Nzoia. Kwa mlowezi, hati ya shamba ilimaliza maneno. Ukianza na hati unafika kwenye umiliki bila kujikwaa.

Mathari wakati huo iliongozwa na J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake, ambamo alimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo. Haya basi: kama sisi wote ndivyo tulivyo, Masinde alipimwa kwa kipimo gani akaonekana amezidi?

(Kuna watu wakifika hapa humvuta Kurt Gödel na uthibitisho wake wa 1931, kana kwamba aliandika kuhusu roho. Gödel alikuwa anaongea kuhusu hesabu. Tumwache apumzike.)

Matatu ya Kitale kwenda Bungoma hupita Kiminini na Kamukuywa, na ukikaribia Webuye unaviona vilima vya Chetambe. Hapo mwaka 1895 Wabukusu wengi waliuawa na kikosi cha Waingereza. Septemba 1947, miezi michache tu baada ya kutoka Mathari, Masinde aliwakusanya watu papo hapo kuwakumbuka. Kwa ofisa, wale walikufa miaka 52 iliyopita, kwisha. Kwa waliokusanyika walikuwa msambwa, jamaa ambao bado wana neno. Huku kwetu mtoto mchanga akilia bila kukoma, wazee hutaja majina ya waliokufa, moja moja, na lile analonyamazia ndilo lake. Mwanamantiki atasema kunyamaza hakuthibitishi kitu, na yuko sahihi. Ila yule mama hakuwa anathibitisha. Alikuwa anasalimia mtu.

Sisemi Masinde alisikia sauti ya Mungu. Sijui hoja yoyote inayoweza kuingia ndani ya kichwa cha mtu ikarudi na jibu hilo, si yangu wala ya daktari. Ninachosema ni kwamba ofisi iliandika jibu hata hivyo, ikalipiga muhuri, na watu wakalilipia. Tarehe 10 Februari 1948, huko Malakisi, polisi walifyatulia risasi umati wa wafuasi wake. Walikufa 11.

Kisha uhuru ukaja, Masinde akiwa amesharudi nyumbani. Mwaka 1968 serikali ya Kenya huru ikaipiga marufuku Dini ya Msambwa. Mkoloni alikuwa ameshafanya hivyo miaka 20 kabla. Mzee akaendelea kuingia na kutoka jela, mpaka alipofariki 1987. Dini yenyewe bado ina wafuasi.