Lamport na Saa Zisizokubaliana

Waraka uliomchokoza Leslie Lamport uliandikwa mwaka 1975 na Paul Johnson na Robert Thomas. Walitafuta namna ya kutunza nakala za kanzidata moja kwenye mashine zilizo mbalimbali, na dawa yao ilikuwa kulipiga kila badiliko muhuri wa saa. Lamport, mwanahisabati mzaliwa wa New York, akaona dosari: kwa utaratibu ule tukio lingeweza kuhesabiwa kuwa limetangulia lile lililolisababisha.

Mimi natunza seva za chama cha akiba na mikopo, na dosari hiyo naijua kwa sura. Saa ya seva ya tawi moja ilikuwa mbele kwa sekunde chache. Mwanachama akaweka pesa pale, taarifa ikafika tawi la pili, na papo hapo mkewe akatoa. Daftari lilipopangwa kwa saa, kutoa kukawa juu na kuweka chini, salio likasoma hasi. Mama wa watu akaitwa ofisini kujieleza, na hakuwa na kosa lolote.

Jibu la Lamport lilichapishwa Julai 1978, kurasa nane tu. Kila mashine iwe na namba yake, iiongeze kila jambo linapotokea, na kila ujumbe uondoke na namba hiyo. Mpokeaji akiletewa namba kubwa kuliko yake, airuke. Seva ya kwanza ikituma ikiwa kwenye 41, ya pili iliyokuwa 17 inakwenda 42, hata saa zao zigombane vipi. Mwanga huo aliupata kwa sababu aliielewa vyema nadharia ya uhusianifu ya Einstein: matukio mawili yasiyofikiana kwa ujumbe wowote hayana la kwanza wala la pili.

Na hakuficha kikomo chake. Mume angempa mkewe habari kwa simu, nje ya mfumo, namba zisingesaidia kitu. Lamport mwenyewe alitoa mfano wa simu katika makala ileile, ndipo akageukia saa halisi na jinsi ya kuzisawazisha. Google walipoeleza kanzidata yao ya Spanner mwaka 2012, walikuwa wameweka vipokezi vya GPS na saa za atomiki ndani ya vituo vyao vya data.

Paxos, njia yake ya kuzifanya mashine nyingi zikubaliane uamuzi mmoja, ilizaliwa kwa namna ya ajabu zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1980, kwenye maabara ya Digital Equipment Corporation huko California, wenzake walikuwa wakijenga mfumo wa mafaili uitwao Echo, wakidai utabaki sahihi hata mashine zianguke ngapi. Lamport akaamua kuthibitisha kwamba haiwezekani. Akiwa katikati ya kuthibitisha, akaigundua njia yenyewe. Kati ya mashine tano, uamuzi unasimama zikikubali tatu. Na makundi mawili yoyote ya tatutatu lazima yawe na angalau mashine moja ya pamoja, inayokumbuka kilichokwisha kuamuliwa. Zikizimika mbili, kazi inaendelea. Zikizimika tatu, kazi inasimama, lakini haikosewi.

Akaiandika kama hadithi ya bunge la kale la kisiwa cha Ugiriki, wabunge wakiingia na kutoka, kila mmoja na daftari lake. Mwaka 1990 akaipeleka kwenye jarida. Waliopewa kuipima wakasema inavutia kidogo, si muhimu sana, na mambo ya kisiwa yaondolewe. Akaiweka kando, ikachapishwa 1998. Inaniuma, maana katika miaka hiyo minane wengi walihangaika na tatizo lililokwisha kupata dawa. Mwanasayansi wa kompyuta Butler Lampson aliitambua mapema na kuitangaza. Ed Lee na Chandu Thekkath wakaijenga ndani ya mfumo wao wa kuhifadhi data, Petal. Na haki isemwe: Brian Oki na Barbara Liskov wa MIT walichapisha njia inayofanana nayo mwaka 1988, wala hawatajwi inavyostahili.

Huduma za kompyuta za wingu zilipokuja, Google wakaitumia Paxos ndani ya Chubby, huduma yao ya kufuli waliyoieleza mwaka 2006. Lamport alipewa Tuzo ya Turing ya 2013. Mwaka uliofuata Diego Ongaro na John Ousterhout wa Stanford wakachapisha Raft, njia ya kazi ileile iliyobuniwa makusudi ieleweke kirahisi, na sasa ndiyo inayotunza kumbukumbu za Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi, kupitia hifadhi iitwayo etcd. Vijana ninaowafundisha huanza nayo. Wakishaishika nawapa hadithi ya wabunge kama alivyoiandika Lamport, na kisiwa chake hakijamzuia hata mmoja wao kuelewa.