Land Rover Series III au Land Cruiser 70: lipi la kupeleka Lodwar?

Mtu wa Pwani akipata kazi Turkana na kutaka gari la zamani la kwenda nalo, majina yanayotajwa huwa mawili. La kwanza ni Land Rover Series III, iliyoundwa kuanzia 1971 hadi 1985. La pili ni Land Cruiser ya aina ya 70, iliyotoka 1984 na ambayo ingali inaundwa. Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120. Barabara kuu si shida kubwa. Shida ni pale unapoiacha ukaingia mchanga na laga, ile mito mikavu inayofurika ghafla kwa mvua iliyonyesha mbali, wewe ukiwa juani.

Kwa nguvu, hapana mashindano. Land Rover ya dizeli ina injini ya lita 2.25, silinda nne, nguvu za farasi kama 62. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, iliyoanza 1990, ina lita 4.2, silinda sita, farasi kama 130. Ukivuka laga ya Tarach pale Kakuma na gari limejaa mizigo, utaiona tofauti. Land Rover itavuka pia, ukipunguza upepo wa tairi na kutia gia nzito mapema, lakini polepole. Na laga ikianza kuleta maji, upole hausaidii.

Kwa matengenezo, Land Rover ina raha yake. Haina mambo mengi: spana chache na fundi mvumilivu, basi. Injini yake hutumia cheni ya taimingi, si belti. Ila spea zake ndizo za kuwindwa, na pengine gari hulala wiki nzima likingoja kifurushi kutoka Nairobi.

Land Cruiser imepata bahati ya kambi. Tangu Kakuma ifunguliwe 1992, magari ya mashirika yamepita huko mwaka baada ya mwaka, na mafundi wakaizoea. Mtego wake ni belti ya taimingi. Belti hiyo ikikatika, vali hugongana na pistoni na injini huharibika vibaya. Ibadilishe karibu kila kilomita 100,000, na usiamini neno la muuzaji. Kama hana risiti, hesabu kwamba haijabadilishwa. Chujio la hewa lipulizwe mara kwa mara, maana vumbi la huko halina huruma, na rejeta isafishwe.

Mimi ningechukua Land Cruiser.

Kama unanunulia Mombasa au Malindi, usidanganywe na bodi ya Land Rover isiyo na kutu. Bodi ni ya aluminiamu. Chesisi ni chuma, na chumvi ya bahari huila kwa ndani. Ingia chini na nyundo ndogo, gonga karibu na springi za nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa mlio mzito na kumwaga unga mwekundu.