Nani Anayebonyeza Kitufe? Hoja Kuhusu Ununuzi wa Kamera za Mwilini za Polisi

Mwaka 2016 wataalamu wa Maabara ya Fizikia Tumizi ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, wakiifanyia kazi Taasisi ya Kitaifa ya Haki ya Marekani, walikusanya taarifa za kamera 66 za kuvaliwa na polisi kutoka kampuni 38. Lengo lilikuwa kumsaidia mkuu wa polisi mwenye fedha chache na muda mfupi achague. Uzito, upana wa lenzi, ubora wa picha, saa za betri, uwezo wa kustahimili maji: vyote vikapangwa ili mnunuzi alinganishe. Ilikuwa kazi ya uaminifu na yenye manufaa. Lakini miaka hiyohiyo watafiti walikuwa wakitoa matokeo yanayopingana kuhusu kamera hizo, na tofauti za lenzi, betri au ubora wa picha hazikuweza kueleza upinzani huo.

Katika mji mdogo wa Rialto, California, jaribio lilianza Februari 2012 na kuendelea kwa mwaka mmoja. Askari walikuwa 54. Zamu zao 988 ziligawanywa kwa kura, nyingine za kuvaa kamera, nyingine za kutovaa. Matukio ya kutumia nguvu katika zamu zisizo na kamera yalikuwa takriban mara mbili ya yale ya zamu zenye kamera, na malalamiko ya raia yalipungua kwa takriban asilimia 90 yakilinganishwa na mwaka uliotangulia. Agosti 2013 jaji wa shirikisho jijini New York aliitaja Rialto alipoamuru kamera zijaribiwe katika jiji hilo. Desemba 2014, miezi minne baada ya kijana Michael Brown kupigwa risasi na polisi huko Ferguson, Ikulu ya Marekani ilitangaza mpango wa dola milioni 75 wa kusaidia kununua kamera 50,000. Kufikia 2016, asilimia 47 ya idara za polisi nchini humo zilikuwa zimeshajipatia kamera.

Kisha yakatoka matokeo ya jaribio la jiji la Washington. Hapo askari walikuwa 2,224, waliogawanywa kwa kura pia, na taarifa iliyotolewa Oktoba 2017 haikuonyesha tofauti yoyote ya kitakwimu kati ya waliovaa na wasiovaa, si katika matumizi ya nguvu wala katika malalamiko. Tangu hapo wachambuzi wamegawanyika. Wauzaji na wanasiasa wameshikilia Rialto. Wenye mashaka wameshikilia Washington na kusema kwamba kifaa hakibadilishi tabia, kwa hiyo idara inayolazimika kununua na inunue cha bei nafuu.

Nakataa usomaji wa pande zote mbili. Kote wanazungumza juu ya “kamera” kana kwamba ni kitu kimoja chenye nguvu moja, kama dawa yenye kipimo kinachojulikana. Makala haya yanadai kwamba kinachonunuliwa ni utaratibu wa nani anaamua kurekodi kuanze lini, na nani anashika faili baadaye. Kamera mbili zenye lenzi moja na betri moja ni bidhaa mbili tofauti ikiwa moja inasubiri kitufe cha askari na nyingine haisubiri.

Dai hili lina msingi katika takwimu zilizokwisha kuchapishwa. Mwaka 2016 Barak Ariel na wenzake, kundi lilelile lililotoka na matokeo ya Rialto, walikusanya majaribio 10 kutoka majeshi 8 ya polisi. Wastani wa athari ya kamera kwa matumizi ya nguvu ulikuwa sifuri, na wenye mashaka wakafurahia sifuri hiyo. Watafiti walipoyatenganisha majaribio kwa kuangalia kama askari walifuata utaratibu wa kurekodi au walijiamulia wenyewe, sifuri ilipasuka vipande viwili. Pale utaratibu ulipofuatwa, matumizi ya nguvu yalishuka kwa asilimia 37. Pale askari walipojiamulia, yalipanda kwa asilimia 71. Ni kweli kwamba mgawanyo huo ulifanywa baada ya majaribio kwisha, na mtakwimu makini ataupokea kwa tahadhari. Lakini anayeutupa hana budi atoe maelezo mengine ya tofauti kubwa kiasi hicho, na kusema “wastani ni sifuri” si maelezo. Kuhusu Washington, jeshi la jiji hilo lilikuwa limeingia mkataba na Wizara ya Sheria mwaka 2001 wa kurekebisha matumizi ya nguvu, na matokeo yake hayatuambii kamera ingefanya nini katika jeshi ambalo halijapitia mageuzi hayo.

Ushahidi ninaoutegemea zaidi, hata hivyo, ni nusu dakika ya picha isiyo na sauti kutoka Baltimore.

Ili kuuelewa, msomaji anahitaji kujua jambo moja kuhusu kamera hizi. Kamera iliyowashwa na kuwekwa katika hali ya kusubiri haijalala. Inaona, inashika sekunde chache za mwisho, na kuzifuta kadiri nyingine zinavyoingia. Askari akibonyeza kitufe, zile sekunde zilizokuwa karibu kufutwa zinaunganishwa mwanzoni mwa rekodi. Nitaziita kumbukumbu tangulizi. Baltimore zilikuwa sekunde 30, na kama ilivyo desturi ya vifaa vingi, hazikuwa na sauti.

Januari 2017 askari watatu wa jiji hilo walikuwa wakipekua ua kutafuta dawa za kulevya. Katika kumbukumbu tangulizi, ambako hakuna sauti, askari mwenye kamera anaonekana akiweka kifuko ndani ya kopo na kulificha chini ya takataka, wenzake wakiwa pale. Kisha wanatoka uani hadi barabarani. Hapo anabonyeza kitufe. Sauti inaingia. Anasema anakwenda kutafuta, anarudi palepale, anapekua, anaibuka na kopo lenye kifuko. Mtu aliyekamatwa kwa ushahidi huo alikaa rumande hadi Julai, pale ofisi ya mawakili wa utetezi wa umma ilipoigundua nusu dakika ile na mashtaka yakafutwa. Kesi nyingine kadhaa zilizowategemea askari hao zilifutwa pia. Novemba 2018 mwenye kamera alitiwa hatiani kwa kughushi ushahidi.

Utetezi wake unastahili kusikilizwa, kwa sababu unaipa hoja yangu nguvu zaidi. Alisema dawa alikuwa amezipata kweli, kamera ikiwa bado haijaanza kurekodi, na kwamba alikuwa akiigiza upya jinsi alivyozipata. Tumpe hilo lote. Bado faili ambalo lingefika mahakamani bila kumbukumbu tangulizi lingeonyesha igizo likipita kama tukio halisi, likiwa na tarehe, saa na nembo ya idara. Hapo ubora wa picha ungesaidia nini? Lenzi bora ingelionyesha igizo kwa uwazi zaidi. Betri ya saa 12 ingelihifadhi bila wasiwasi. Vigezo vyote ambavyo bodi za zabuni huvipa alama nyingi vingekuwa vimetimia, na mtu angefungwa kwa picha safi. Kilichomwokoa ni sifa ambayo katika majedwali ya ulinganisho hupewa mstari mmoja kati ya mingi, ikiwa inapewa.

Na hata sifa hiyo ilimwokoa kwa bahati. Kama askari angengoja dakika moja barabarani kabla ya kubonyeza, nusu dakika ile ingejifuta. Kama asingebonyeza kabisa, kusingekuwa na faili. Minneapolis, Julai 2017, mwanamke aliyeita polisi kuomba msaada alipigwa risasi na askari aliyekuja kumsaidia. Askari wote wawili waliofika walikuwa wamevaa kamera, na hakuna iliyokuwa ikirekodi. Jiji hilohilo, Mei 2020, kamera za askari waliomkamata George Floyd, aliyefia mikononi mwao, zilikuwa zinarekodi. Taarifa ya kwanza ya polisi ilizungumzia tatizo la kiafya. Dunia iliujua ukweli kwa simu ya msichana wa miaka 17, na rekodi za kamera za askari zilifika hadharani Agosti. Tukio la kwanza linahusu kitufe, la pili linahusu faili, na yote mawili hayahusu lenzi.

Wapo watakaosema kwamba ninadharau uhandisi. Siudharau. Oktoba 2018 kamera moja ya kampuni ya Vievu, modeli LE-5, ilishika moto ikiwa na askari jijini New York, na idara ikaziondoa kazini karibu 3,000 za aina hiyo. Kifaa kinachoweza kumuunguza anayekivaa hakifai, na kigezo cha usalama ni cha kufaulu au kufeli kabla ya ulinganisho wowote kuanza. Ninachokataa ni kuendelea kugawa alama kwa kila nyongeza ya ubora wa picha baada ya kiwango kinachotosha. Utafiti wa Turner na wenzake uliochapishwa 2019 ulionyesha kwamba watazamaji wa picha za kamera ya mwilini huona nia ndogo zaidi katika matendo ya aliyeivaa kuliko watazamaji wa tukio lilelile lililopigwa na kamera ya ndani ya gari, kwa kuwa mvaaji mwenyewe haonekani vya kutosha kwenye picha. Hakuna ubora wa lenzi unaoweza kumrudisha kwenye picha mtu aliyeibeba lenzi.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha. Anayetaka kamera zirekodi muda wote, nitaambiwa, hajawahi kulipia hifadhi. Idara ya polisi ya New Orleans ilipopanga kununua kamera 350, makadirio yalikuwa dola milioni 1.2 kwa miaka mitano, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa ya kuhifadhi data. Hiyo ni karibu dola 690 kwa kamera moja kwa mwaka. Wauzaji wanalijua hili kuliko wanunuzi: Aprili 2017 kampuni ya Taser, ikijibadilisha jina kuwa Axon, iliziahidi idara zote za polisi za Marekani kamera bure na huduma ya mwaka mmoja. Kifaa kinaweza kutolewa bure kwa sababu fedha ziko kwenye hifadhi inayolipiwa mwaka hadi mwaka. Mwaka uliofuata Axon iliinunua Vievu, mshindani wake wa bei nafuu, na Januari 2020 Tume ya Biashara ya Shirikisho ikafungua shauri kuupinga ununuzi huo, shauri ambalo iliachana nalo 2023.

Lakini tufanye hesabu. Kamera inayorekodi kwa megabiti 4 kwa sekunde hula gigabaiti 1.8 kwa saa. Askari 100 wakirekodi saa nne kwa siku, siku 240 kwa mwaka, idara inabeba takriban terabaiti 173. Ukipunguza kasi ya kurekodi kwa nusu, kwa gharama ileile ya hifadhi unapata saa nane, yaani zamu nzima kwa askari wengi. Ubora wa picha na urefu wa muda vinatoka mfuko mmoja, na kila bodi inayochagua picha kali zaidi inapunguza muda bila kujua. Polisi wa jimbo la São Paulo, Brazil, walilitatua hili kwa njia ambayo sijaona idara ya Marekani ikiipa uzito unaostahili. Kamera zao zilirekodi zamu nzima kwa ubora wa chini na bila sauti, na askari alipobonyeza kitufe, ubora ulipanda na sauti ikaingia. Kitufe kiliboresha rekodi, hakikuizaa.

Mpangilio huohuo unajibu sehemu ya wasiwasi kuhusu faragha, kwani picha hafifu isiyo na sauti haibebi mazungumzo ya askari na mwenzake wala siri za raia aliyepita njiani. Haiujibu wasiwasi wote. Muda wa kufuta na orodha ya wanaoruhusiwa kufungua faili lazima viandikwe ndani ya mkataba, visiachwe kwa waraka wa ndani unaoweza kubadilishwa na kila kamanda mpya.

São Paulo inathibitisha hoja yangu kwa upande wa pili pia. Mwaka 2024 serikali ya jimbo ilitangaza zabuni mpya ya kamera 12,000, na vipimo vyake viliruhusu kurekodi kuanze kwa kubonyeza au kwa amri kutoka kituo cha operesheni. Hakuna sheria iliyobadilishwa bungeni. Utaratibu wa kuwajibika ulibadilishwa kwa aya chache za nyaraka za zabuni, hadi Desemba mwaka huo Mahakama ya Juu ya Shirikisho ilipoamuru kurekodi mfululizo kuendelee.

Kwa hiyo ninapendekeza mpangilio wa ulinganisho ubadilishwe. Swali la kwanza kwa kila mzabuni liwe: kamera hii huhifadhi nini askari asipobonyeza? La pili: baada ya tukio, picha ambazo hazikubonyezewa zinaweza kurejeshwa kwa muda gani? Zipo kamera zinazoruhusu hilo, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti yoyote ya lenzi. La tatu: faili likishaingia, nani anaweza kulifungua, kulifuta na kulitoa, na mkataba ukiisha linaondokaje kwa muuzaji? Baada ya hapo ndipo uzito, betri na picha vipewe alama. Mimi ningechukua kamera ya ubora wa chini wa picha, 720p, inayorekodi zamu nzima na kuiacha ya ubora wa juu, 1080p, inayorekodi pale askari atakapo, na ningefanya hivyo hata kama ya pili ingetolewa bure. Msomaji unayekaa kwenye bodi ya zabuni, au utakayeitwa kuishauri, uliza maswali hayo matatu kabla bahasha za bei hazijafunguliwa.